Vikope: Adui Ajifichaye Ndani ya Kope

Mkulima wa Bura, waijua vizuri taabu ya mathenge. Umeukata mti huo ukingoni mwa mfereji, ukauchoma, ukaona mahali pamekuwa peupe. Mvua ikanyesha mara moja tu, na machipukizi yakatokea, kwa kuwa kisiki kilikuwa hai chini ya udongo. Tena mbuzi alikula maganda yake, akaenda zake, akaangusha mavi shambani mwa jirani, na mbegu ikaota huko. Mti huu uliletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia ya kupata kuni na kuzuia vumbi. Leo kila mwenye shamba ajua kwamba kuukata juu peke yake si kuumaliza.

Mwezi huu twataka kukueleza habari za kijidudu chenye tabia kama hiyo, ila chenyewe hukaa katika mwili wa binadamu. Wataalamu hukiita klamidia. Kikiingia machoni huleta ugonjwa wa vikope, ambao hospitalini huitwa trakoma. Katika magonjwa yote ya kuambukiza duniani, hakuna lililopofusha watu wengi kuliko hili. Watu wapatao milioni 1.9 ni vipofu au wana macho mabovu kwa sababu yake. Hapa Kenya umejulikana kwa miaka mingi katika nchi kavu kama Turkana, Samburu, Marsabit, Baringo, Pokot Magharibi, Narok na Kajiado.

Usiseme, "Hiyo ni mbali na Mto Tana." Vikope hupenda nchi ya joto na vumbi, mahali ambapo maji ya nyumbani ni ya shida, mifugo hulala karibu na watu, na inzi ni wengi. Soma orodha hiyo tena, kisha utazame nje ya mlango wako. Tena watu wa Bura walitoka pande nyingi za Kenya, na hata leo huenda kuwatembelea jamaa, na jamaa huja. Mgeni hubeba zawadi, na pengine hubeba na kijidudu asichokijua.

KIJIDUDU CHENYEWE NI KITU GANI?

Kwa muda mrefu hata wataalamu walibabaika. Mwaka 1907 wataalamu wawili, Halberstaedter na Prowazek, walikuwa kisiwani Java. Walichukua uchafu wa macho ya wagonjwa wa vikope, wakautia machoni mwa nyani wakubwa, kisha wakatazama kwa darubini. Ndani ya chembechembe za jicho waliona vifurushi vidogo, kana kwamba kuna kitu kilichofunikwa kwa nguo. Ndiyo sababu jina la klamidia limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya joho.

Basi wengi wakadhani kwamba hiki ni kirusi, kwa kuwa hakikukubali kuota peke yake katika chupa za maabara kama vijidudu vingine. Mwaka 1957 mtaalamu wa Kichina, Tang Feifan, alitangaza kwamba amefaulu kukiotesha ndani ya mayai ya kuku yenye vifaranga vinavyokua. Baadaye ilithibitika kwamba ni bakteria, ila bakteria wa namna ya pekee. Hawezi kuzaana mahali popote isipokuwa ndani ya chembe hai ya kiumbe kingine.

Yafaa tueleze kidogo neno hili chembe. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno, nazo huitwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Lakini kila seli ni hai. Ina ukuta wake mwembamba, ina chakula chake, ina nguvu zake za kufanyia kazi. Bakteria wengi hukaa nje ya seli, katika kidonda au tumboni. Klamidia hubisha hodi, huingia ndani, na huko hujifanya mwenye nyumba.

JINSI INAVYOINGIA NA KUZAANA

Klamidia ina maumbo mawili, na mkulima ataelewa upesi tukiyaita mbegu na mmea.

Umbo la kwanza ni mbegu. Ni ndogo kabisa: zaidi ya 3,000 zaweza kupangwa mstari mmoja ndani ya milimita moja. Ina ganda gumu, haili, haikui, wala haizaani. Kazi yake ni kusafiri tu, kutoka jicho hata jicho, kwa kidole, kwa kitambaa au kwa miguu ya inzi.

Mbegu hiyo ikifika kwenye ngozi laini ya ndani ya kope, hujishikiza kwenye ukuta wa seli. Seli nayo huimeza na kuitia katika kifuko kidogo. Kwa kawaida kifuko kama hicho hupelekwa mahali ndani ya seli penye maji makali ya kuyeyusha takataka, na kijidudu kikafa humo. Lakini klamidia hukibadili kile kifuko upesi, seli isikitambue tena kuwa ni cha takataka. Basi huachwa salama, kama mwizi aliyevaa nguo za mlinzi.

Baada ya saa chache mbegu huvua ganda lake na kuwa umbo la pili, yaani mmea. Huwa kubwa zaidi, hula chakula cha seli, huiba na nguvu zake, kisha hugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Kifuko huvimba hata kikajaza sehemu kubwa ya seli. Kisha mimea ile hugeuka tena kuwa mbegu zenye ganda gumu. Siku ya pili au ya tatu seli hupasuka, na mbegu mamia kwa mamia hutoka kutafuta seli nyingine. Hayo yote hutendeka katika muda wa saa 48 hadi 72, na mtoto bado anacheza uani, pengine bila kulia maumivu.

JINSI INAVYOJIFICHA

Sasa twafika kwenye neno kubwa la habari hii, nalo ndilo lionyeshalo kwa nini vikope havishindwi kwa dawa ya mtu mmoja.

Mwili haulali. Ukitambua kwamba adui yumo ndani ya seli, hutoa ishara, na seli huanza kuharibu aina moja ya chakula ambacho klamidia haiwezi kuishi vema bila hicho. Ni kama kufunga mlango wa mfereji ili magugu yafe kiu. Vijidudu vingi hufa. Lakini katika maabara imeonekana kwamba vingine havifi. Huacha kugawanyika, huvimba na kubadilika umbo, kisha hukaa kimya vikingoja. Chakula kikirudi, navyo hurudi katika kazi yake ya zamani. Vivyo hivyo, dawa za jamii ya penisilini zikitiwa katika seli zenye klamidia, huzuia kugawanyika kwake, lakini vingine husinzia tu mpaka dawa iishe.

Kwa hiyo mkulima, usimpe mtoto vidonge vilivyobaki katika sanduku, wala usinunue dawa nusu dukani kwa kuwa jicho limekuwa jekundu. Jicho kukauka si alama ya kwamba adui amekwisha. Wako watu wanaobeba klamidia machoni bila dalili yoyote, hasa watoto wadogo, na mtoto wa namna hiyo aweza kuwaambukiza wenzake wote wanaolala naye kitanda kimoja.

Kuna na jambo la pili. Hata mtu aliyepona kabisa hana kinga ya kutosha. Mdogo wake akiwa nacho, atakipata tena mwezi ujao. Ndiyo maana ugonjwa huzunguka ndani ya nyumba ile ile mwaka baada ya mwaka.

JINSI INAVYOPOFUSHA

Vikope havimpofushi mtu kwa siku moja. Mtoto huambukizwa mara nyingi. Kila mara mwili hupigana, na uwanja wa vita ni ngozi ya ndani ya kope la juu. Mganga akilipindua kope hilo, huona uwekundu na vipele vidogo vyeupe. Vita vikirudi tena na tena, hubaki makovu. Kovu, kama ujuavyo, hukaza na kuvuta. Baada ya miaka mingi kope huvutwa likapinda kwa ndani, na nywele zake zikaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Fikiri mchanga ndani ya jicho, mchana na usiku, bila kutoka. Mwishowe kioo hupata kidonda, huwa cheupe, na nuru huzimika. Nuru hiyo hairudi.

Wanawake hupofushwa na ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko wanaume, hata kufikia mara nne. Sababu yake yaonekana nyumbani. Mama na dada ndio wanaolea watoto, ndio wanaowafuta nyuso na kulala nao. Basi huambukizwa tena na tena hata wakiwa watu wazima. Hasara yake ni ya shamba zima. Mama asiyeona hawezi kupalilia vitunguu wala kuchuma pamba, na mara nyingi msichana hutolewa shuleni ili amwongoze. Macho ya mtu mmoja yakipotea, kazi ya watu wawili hupotea.

DAWA IPO, LAKINI NI YA WOTE

Sasa habari njema. Ipo dawa iitwayo azithromaisini. Hii huingia ndani ya seli, mahali adui alipo, na kukaa humo siku kadhaa. Mtu humeza mara moja tu. Wakubwa hupewa vidonge, watoto hupewa dawa ya maji, na kipimo chao hujulikana kwa kijiti cha kupimia urefu. Watoto wachanga wasiotimiza miezi 6 hupakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki 6.

Mahali penye ugonjwa mwingi dawa hutolewa kwa kila mtu, mzima na mgonjwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba ugonjwa ni tatizo la umma pale ambapo watoto 5 au zaidi katika kila 100 wenye umri wa miaka 1 hadi 9 wana dalili zake. Mtu aweza kuuliza, "Mimi sina kitu machoni, kwa nini nimeze?" Jibu umekwisha kulisoma hapo juu: kijidudu chaweza kuwamo bila dalili.

Tazama mfano wa jirani zetu wa Tanzania. Katika wilaya ya Rombo, karibu na Mlima Kilimanjaro, kuna mtaa uitwao Kahe Mpya. Mwaka 2000 mtaa huo ulikuwa na watu 978, na karibu wote, watu 97 au 98 katika kila 100, walikubali kutibiwa, azithromaisini ikiwa ndiyo dawa kuu. Kila baada ya miezi 6 wale walioonekana na dalili walipewa na mafuta ya macho. Kabla ya dawa, karibu watu 95 katika kila 1,000 walikuwa na kijidudu machoni. Miaka miwili baadaye alibaki mtu 1 tu katika kila 1,000. Hawakushinda kwa kuwa dawa yao ilikuwa ya ajabu. Walishinda kwa kuwa karibu kila mtu alitibiwa, adui asipate nyumba ya kujificha.

UNAWE USO

Dawa peke yake haitoshi, maana mbegu husafiri kwa uchafu wa macho na kamasi. Huko Kongwa, katikati ya Tanzania, vijiji sita viliwekwa katika majaribio. Vyote vilipewa mafuta ya macho, lakini vitatu vilifundishwa pia kuwaosha watoto nyuso na kuendelea hivyo. Habari zake zilitangazwa mwaka 1995. Watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na ugonjwa mkali mchache kuliko wenzao.

Kunawa uso hakutaki pipa la maji. Tundika kibuyu chirizi karibu na mlango, na mtoto atanawa asubuhi, mchana na jioni kwa maji kidogo tu. Asifutwe kwa kanga ya mama iliyomfuta mwenzake. Aachwe akauke kwa upepo, au kila mtoto awe na kitambaa chake.

Hapa Bura sharti tuongeze onyo. Usimpeleke mtoto kunawa ndani ya mfereji, kwa maana utamkinga na vikope na kumpa kichocho. Ukikosa maji ya bomba, teka ya mfereji, yaweke katika pipa lenye kifuniko, na yaache siku mbili kamili kabla ya kuogea. Vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Maji ya kunywa yachemshwe.

CHOO NA INZI

Yuko inzi mdogo apendaye kutua machoni mwa watoto. Huyu hutaga mayai yake hasa katika kinyesi cha mtu kilichoachwa juu ya ardhi. Ndani ya choo cha shimo hazaani vizuri. Kwa hiyo choo ni dawa ya macho, ingawa watu wengi hawajafikiri hivyo. Anayejisaidia vichakani au ukingoni mwa mfereji anafuga inzi wa kutua machoni mwa watoto wake mwenyewe. Chimba choo, kifunike, na hata watoto wadogo wafundishwe kukitumia. Boma la mbuzi na ng'ombe liwe mbali na mahali pa kulala, na samadi ipelekwe shambani, ambako ina faida.

JAMAA YA KIJIDUDU HIKI KATIKA MBUZI

Klamidia ina jamaa nyingi. Moja hukaa katika viungo vya uzazi vya wanaume na wanawake, na huambukizwa kwa kulala pamoja. Mara nyingi haina dalili, lakini yaweza kumfanya mwanamke asipate mtoto, na mtoto azaliwaye aweza kuipata machoni. Mume na mke watibiwe pamoja. Akitibiwa mmoja, ni kazi bure.

Jamaa nyingine huwaharibia mbuzi na kondoo mimba katika wiki za mwisho. Nayo hujificha vilevile. Mbuzi aweza kuambukizwa msimu huu, akaonekana mzima, kisha akatupa mimba msimu ujao. Jambo hili ni hatari kwa mwanamke mwenye mimba, kwa maana kijidudu hicho chaweza kumwua mtoto tumboni na kumtia mama mwenyewe katika hatari ya kufa. Mwanamke mwenye mimba asimzalishe mbuzi, wala asishike mtoto wa mbuzi aliyetupwa au kondo lake. Mwingine avae glavu, azike vitu hivyo shimo refu au avichome, kisha anawe kwa sabuni. Maziwa yachemshwe. Mbuzi wakitupa mimba wengi kwa pamoja, mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu magonjwa mengine makali nayo huleta hali hiyo. Wakubwa hawajasahau homa ya Bonde la Ufa iliyopiga Tana River na Garissa mwaka 2006 na 2007.

MWENYE KOPE LILILOPINDA

Wako wazee ambao kwa miaka mingi hung'oa nywele za kope kwa kibano. Kung'oa huleta nafuu ya siku chache tu, kisha nywele huota tena. Mzee wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya bila kukawia, na wahudumu watamwelekeza hospitali yenye mtaalamu wa macho. Upasuaji wake ni mfupi. Kope hutiwa ganzi, hugeuzwa likatazama nje, na mgonjwa hurudi nyumbani. Nuru iliyokwisha kupotea haitarudi, lakini iliyobaki itaokolewa. Asiogope, wala asingoje mavuno yaishe.

NCHI ZILIZOSHINDA

Usidhani haya hayawezekani. Mwaka 2012 Oman, nchi ya joto na vumbi ambayo watu wa pwani yetu wana jamaa wengi huko, ilikuwa ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba vikope si tatizo la umma tena. Ghana ikafuata mwaka 2018, na Malawi mwaka 2022. Nchi hizo zilifanya mambo yale manne: upasuaji kwa waliopinda kope, dawa kwa wote, nyuso safi, na vyoo na maji katika vijiji.

FANYA HAYA MWEZI HUU

1. Tazama macho ya kila mtoto wa nyumba yako mchana, penye mwanga. Akiwa na wekundu au tongo kwa siku nyingi, mpeleke zahanati.

2. Muulize babu na bibi kama nywele za kope zinawachoma.

3. Tundika kibuyu chirizi leo, wala si kesho.

4. Kama huna choo, chimba kabla ya kazi za msimu kuanza.

5. Dawa ya macho ikitolewa kwa watu wote, nyumba nzima imeze, pamoja na wachungaji walio mbali na mifugo.

6. Mbuzi akitupa mimba, wenye mimba wakae mbali.

Katika skimu hii hakuna mkulima anayeweza kusafisha mfereji wake peke yake akanufaika, kama jirani wa juu ameuziba. Vikope ni vivyo hivyo. Zungumzeni jambo hili katika mkutano wa kijiji, mwiteni mhudumu wa afya ya jamii awaonyeshe jinsi ya kutazama kope, na kila kijiji kihesabu nyumba zake zisizo na choo. Hesabu hiyo ikijulikana, kazi itakuwa imekwisha kuanza.